Mtoto kazaliwa nje ya Tanzania? Anza na karatasi zako wewe mzazi

Wengi wakishapata mtoto huko nje wanakimbilia fomu ya paspoti ya mtoto, wakati Uhamiaji wanataka kwanza kujua kama wewe mzazi ni Mtanzania na uraia wako uliupataje. Kwa Sheria ya Uraia ya 1995 mtoto aliyezaliwa nje ni Mtanzania tangu anazaliwa kama siku hiyo baba au mama ni raia, mmoja tu anatosha, ila uraia wake ni wa kurithi, na hapa ndo pa kusoma mara mbili: mzazi ambaye na yeye alizaliwa nje akaurithi hawezi kumrithisha mwanae. Na kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine ukubwani kabla mtoto hajazaliwa, siku hiyo hukuwa tena Mtanzania.

Kwa hiyo tafuta mapema cheti chako cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi), kama hakipo mtume ndugu nyumbani aanze kukifuatilia, usisubiri mpaka tiketi imekatwa.

Kinachokwamisha watu sana ni majina jamani. Paspoti ya baba inasema Saidi Hamisi Ally, cheti cha mtoto hospitali wameandika Said Ali, tayari hao ni watu wawili. Kagua kila herufi kabla cheti hakijachapishwa, maana kurekebisha baadaye ni usumbufu mkubwa, utaambiwa ulete kiapo cha majina. Hakikisha pia ni cheti kirefu chenye majina ya wazazi wote, mfano Uingereza kile kifupi hakina wazazi kabisa, hakikusaidii. Kikiwa kwa lugha nyingine kitafsiriwe rasmi.

Fomu yenyewe si ngumu, unajaza kwenye mtandao wa Uhamiaji, unapata kontrol namba (namba ya kulipia serikalini), unalipa, unaprinti unapeleka ubalozini na picha, vyeti na barua ya ridhaa ya wazazi.

Akizaliwa mfano Marekani anapata na uraia wa kule, hiyo haimnyimi wa kwetu akiwa mtoto, ila akifika 18 sheria inamtaka aukane mmoja, mwambieni mapema ajue. Na kama kuna msiba au dharura na paspoti haijatoka, ulizia ubalozini hati ya dharura ya kusafiria.