SOMO: Kujitolea kugawa chakula cha maafa (soma lote kabla ya kuniuliza)

Mvua kubwa zikianza tu naulizwa yaleyale, kwa hiyo naandika mara moja. Mfano wangu ni Hanang: Desemba 3, 2023 tope lilishuka mlimani likafunika sehemu za Katesh na Gendabi, waliopoteza makazi wakahifadhiwa mashuleni.

1. Usiende kivyako. Jiandikishe Msalaba Mwekundu au kwa kamati ya maafa ya wilaya.

2. Beba maji, chakula na buti zako.

3. Orodha ni ya kaya. Mwenyekiti wa kitongoji aihakiki, kisha ibandikwe ukutani wenyewe waisome.

4. KIPIMO. Hapa ndipo ugawaji mwingi unapoharibikia. Sado (kopo la kupimia) ya maharage na sado ya unga hazina uzito mmoja. Unga wenyewe ukimiminwa sasa hivi umejaa hewa, ukigongwagongwa unashindilia. Wachotaji wawili wenye sado zilezile watatoa kilo tofauti, na foleni nzima inawatazama. Piga hesabu: mgao wa nafaka gramu 400 kwa mtu kwa siku, kaya ya watu watano kwa wiki ni kilo 14. Ukizidisha gramu 200 katika kila kilo, basi katika kila kaya sita, ya sita haipati kitu. Kwa hiyo, kabla geti halijafunguliwa, pima kwa mzani, chora alama kwenye chombo cha kila aina ya chakula, na juu sawazisha kwa kipande cha ubao. Usibadilishe chombo katikati ya zoezi! Usitoe nyongeza hata kwa bibi yako! Sokoni nyongeza ni uungwana, hapa inaleta ngumi.

5. Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wawe na mstari wao. Geti la kuingia lisiwe la kutokea.

6. Mtu atie sahihi ya dole gumba baada ya kupokea, si kabla.

MASWALI

Kijana wa Babati: Mkuu, posho ni shilingi ngapi?
— Soma kichwa cha habari.

Kijana wa Babati: Basi angalau nauli?
— Waulize waliokuandikisha. Na picha za watu wakipokea unga usipige.

Mama Tunu: Shikamoo. Mzee mwenye wake watatu ni kaya moja au tatu?
— Marahaba mama, swali zuri sana. Hesabu majiko. Kila mke anayepika chungu chake na wanawe ni kaya, na kadi ya mgao iandikwe jina lake yeye. Ukimkabidhi mzee magunia yote, hujui yatafika jiko lipi.

Mpita Njia: Nina katoni za maziwa ya kopo ya watoto, nileteje?
— Usilete.

Mama Tunu: Kwa nini, jamani?
— Maji yakiwa machafu, chupa inampa mtoto kuhara. Mama anyonyeshe, na yeye ndiye alishwe vizuri. Mtoto asiye na mama apelekwe kwa wahudumu wa afya, wao ndio wampangie maziwa. Mpita Njia, samahani kwa ukali. Lete masufuria: unga mkavu haumsaidii mtu ambaye jiko lake limezikwa na tope.

Fundi Stoo: Naongezea. Magunia yapangwe juu ya chaga, yasiegemee ukuta, yatavuta unyevu. Na msichane gunia kwa kisu. Tafuta ncha ya uzi, vuta, mshono wote unafumuka. Gunia tupu lisilochanwa watu wanalihitaji.
— Upande gani wa uzi? Mimi huwa unakwama.

Fundi Stoo: Upande wenye mshono mmoja ulionyooka. Anzia kulia.