Jinsi ya kuiunga alama yako ya upimaji na mfumo wa marejeo wa Afrika nzima

Pale Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ramani za zamani za upande mmoja zimechorwa kwa datamu (msingi wa kuhesabia koodineti) ya Arc 1960. Ukivuka ukaingia Nakonde, unakuta Arc 1950. Ardhi ni ileile, lakini nguzo moja ya mpakani ikipimwa na ofisi mbili itapata koodineti mbili zisizolingana. Kaskazini, Sudan na Ethiopia, kuna datamu nyingine, Adindan. Mhandisi wa reli, bomba la mafuta au laini ya umeme inayovuka mipaka hii huanza kazi kwa kutafuta ni kwa kiasi gani majirani wametofautiana.

Hamu ya kuunganisha ni ya zamani. Mwaka 1879 David Gill, mwanaastronomia wa Cape, alipendekeza mnyororo wa pembetatu ufuate meridiani ya 30 mashariki kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Pengo la mwisho, lililokuwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954. Sasa kazi hiyo tunaifanya kwa setilaiti, na mradi wenyewe ni AFREF, Mfumo wa Marejeo wa Kijiodesia wa Afrika, ulioazimiwa Windhoek mwaka 2002. Umoja wa Mataifa kupitia Tume yake ya Uchumi ya Afrika, RCMRD (kituo cha kikanda cha ramani kilichoko Nairobi), Jumuiya ya Kimataifa ya Jiodesia na ofisi za ramani za nchi ndio waliousukuma. Lengo lake ni kwamba popote ulipo barani, kituo cha kudumu cha GNSS (upimaji wa mahali kwa setilaiti, kama GPS) kisiwe mbali nawe zaidi ya kilomita 500, na kila nchi iuambatishe mfumo wake wa taifa na ITRF, mfumo wa dunia nzima. Nchi mbili zikishajiambatisha na ITRF kwa usahihi, zimeshaungana zenyewe kwa zenyewe.

Mwongozo huu ni kwa mpima mwenye risiva ya GNSS inayopokea masafa mawili ya mawimbi, anayetaka kuweka alama ya udhibiti, yaani alama ya kudumu yenye koodineti zinazojulikana, ambayo jirani yeyote barani ataweza kuitumia. Programu ya gharama kubwa si lazima. Kinachohitajika ni siku mbili za kukaa kwenye alama na nidhamu ya kumbukumbu.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kupima

Nenda ofisi ya upimaji na ramani ya nchi yako, ujue kazi yako itapokelewa katika mfumo gani na katika epoki gani. Epoki ni tarehe ambayo koodineti hizo ni za kweli. Umuhimu wake utauona kwenye hatua ya 6. Tanzania ina TAREF11, Kenya ina KENREF, lakini viwanja vingi bado vimesajiliwa kwa Arc 1960. Omba pia karatasi za alama za zamani zilizo karibu na eneo lako. Utazihitaji.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa alama

Mwamba ukiuona, usiuache. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kupasuka kiangazi, na zege lililosimama juu yake hupanda na kushuka nao. Kama hakuna mwamba, chimba upite tabaka hilo, mimina zege pana chini na jembamba juu, kisha liache likauke na kutulia kabla ya kupima.

Anga iwe wazi kuanzia nyuzi 15 juu ya upeo wa macho pande zote. Paa la bati, uzio wa waya na magari yaliyoegeshwa hurudisha mawimbi, na risiva huyapokea kana kwamba yametoka moja kwa moja kwenye setilaiti. Uwanja wa shule au wa zahanati hufaa sana, kwa sababu alama hupata walinzi. Zungumza na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji, waeleze ile ni nini. Alama nyingi hung'olewa na watu wanaodhani kuna kitu cha thamani kimefukiwa chini yake.

Hatua ya 3: Kaa juu ya alama

Hapa ndipo ubora wote wa kazi unapopatikana au kupotea, kwa hiyo soma taratibu.

Weka risiva irekodi kila sekunde 30, setilaiti zote zinazoonekana, bila kukata za chini. Programu ya kuchakata itazikata yenyewe. Kaa saa 24 mfululizo, kisha urudie siku nyingine kwa kuisimika tripodi upya. Ukirudia bila kuigusa tripodi, kosa lolote la kusimika litajirudia vilevile, na majibu mawili yatakubaliana katika uongo. Kumbuka siku ya GNSS hufuata saa za dunia: kwetu Afrika Mashariki huanza saa tisa usiku. Ukianza kurekodi saa mbili asubuhi hadi saa mbili asubuhi ya kesho yake, data yako itagusa siku mbili za kalenda ya setilaiti. Hilo halina ubaya, ila huduma nyingine zitakutaka uikate faili.

Kwa nini saa 24, wakati vitabu vingi vya risiva vinasema saa mbili zinatosha? Sisi tuko chini ya ionosfia (tabaka la juu la angahewa) ya ukanda wa Ikweta. Baada ya jua kutua, kuanzia kama saa moja jioni hadi karibu usiku wa manane, tabaka hilo hutibuka na ishara za setilaiti hupepesuka hadi risiva inazipoteza. Hali huwa mbaya zaidi karibu na Machi na Septemba, na katika miaka ambayo jua lina madoa mengi. Kipindi kifupi kikiangukia hapo, huna kazi. Kipindi kirefu kina saa za kutosha za asubuhi na mchana kuyafidia yale ya usiku.

Halafu kimo cha antena. Kipime kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, kwa pande tatu, na uandike kwa mkono: umepima wima au mshazari, na hadi sehemu gani ya antena. Huduma za kuchakata zinataka kimo cha wima kutoka kwenye alama hadi chini ya antena, pale inapokaa kwenye skrubu. Ukipima mshazari hadi ukingo wake, kwa mfano mita 1.543, na nusu kipenyo cha antena ni mita 0.170, wima ni kipeuo cha pili cha 1.543² − 0.170², yaani mita 1.534. Kisha utoe umbali kati ya ukingo huo na chini ya antena, unaopatikana kwenye mchoro wa mtengenezaji. Tofauti ya mshazari na wima hapa ni milimita 9 tu, lakini hakuna programu itakayoigundua baadaye. Itabaki ndani ya kimo chako milele.

Hatua ya 4: Andaa faili

Geuza data ghafi kuwa RINEX, muundo wa pamoja wa faili za GNSS, kisha ifungue kwa programu ya kawaida ya maandishi usome kichwa chake. Jina la alama, aina ya antena kama inavyoandikwa kwenye orodha ya IGS (huduma ya kimataifa ya GNSS) pamoja na alama ya kifuniko chake, kimo cha antena: vyote viwe sahihi. Jina la antena likikosewa hata herufi moja, huduma itaikataa au, vibaya zaidi, itaichukulia kana kwamba haina marekebisho yoyote. Faili ghafi usiifute.

Hatua ya 5: Chakata kwa njia mbili

Njia ya kwanza ni kujifunga na vituo vya kudumu. Ukanda wetu una RCMN Nairobi, MAL2 Malindi, MBAR Mbarara, NURK Kigali na ADIS Addis Ababa. Soma kwanza kumbukumbu ya kila kituo uone kama kilikuwa hewani siku zako na kama antena yake haikubadilishwa. Chagua vituo vinavyoizunguka alama yako, visiwe vyote upande mmoja. Kama hupendi kuchakata mwenyewe, ipeleke faili AUSPOS, huduma ya bure ya Australia, itakayochagua vituo vya jirani na kufanya hesabu.

Njia ya pili ni CSRS-PPP ya Kanada, nayo ni ya bure, isiyotegemea kituo cha jirani bali mizingo (njia za setilaiti angani) na saa sahihi za setilaiti. Chagua ITRF, si mfumo wa kwao.

Subiri wiki mbili hivi kabla ya kutuma, mizingo ya mwisho ya IGS iwe imetoka. Ukiwa na haraka, ukatuma mapema, rudia baadaye. Siku mbili kwa njia mbili zitakupa majibu manne. Yakitofautiana kwa milimita chache hadi sentimita moja hivi katika ulalo, uko vizuri. Kimo daima huwa dhaifu kuliko ulalo. Siku moja ikijitenga na nyingine kwa sentimita kadhaa, usichukue wastani. Rudi kwenye hatua ya 3 na upime tena.

Hakikisha pia majibu yote yako kwenye toleo moja la ITRF. Toleo la ITRF2020 lilitolewa 2022, na ripoti zako za zamani zinaweza kuwa za ITRF2014 au 2008.

Hatua ya 6: Iandikie koodineti tarehe yake

Afrika inatembea. Kwenye ITRF, alama zetu zote zinakwenda kaskazini-mashariki kwa kadiri ya sentimita 2.5 hadi 3 kila mwaka. Tuseme kituo cha kudumu kilicho karibu nawe kinaonyesha mwendo wa sentimita 2.6 mashariki na 1.6 kaskazini kwa mwaka. Ukihitaji kuirudisha koodineti uliyopima 2025.0 (mwanzo wa 2025) kwenye epoki ya 2015.0, utatoa sentimita 26 upande wa mashariki na 16 upande wa kaskazini, jumla ya sentimita 30 na kidogo. Kwa ukuta wa jirani mjini, hiyo ni kesi mahakamani.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kazi za kanda yetu ni kuchukua mwendo wa kituo chochote. Bonde la Ufa linatanuka. Bamba la Somalia lililo mashariki yake halitembei sawasawa na lile la Nubia lililo magharibi. Tofauti ni milimita chache kwa mwaka, lakini kwa miaka ishirini zinajumlishana. Alama ya Tanga isichukue mwendo wa Mbarara.

Kwa hiyo kila koodineti iandikwe na vitu viwili: toleo la mfumo na epoki. “WGS84”, mfumo wa GPS, peke yake haitoshi kwa kazi ya sentimita.

Hatua ya 7: Iunganishe na Arc 1960

Programu za ramani zina kigeuzi cha jumla cha Arc 1960 kwenda WGS84: −160, −6 na −302 mita kwenye mihimili ya X, Y na Z. Kina mashaka ya makumi ya mita. Kwa kutafuta alama msituni kinafaa. Kwa mpaka wa kiwanja hakifai hata kidogo.

Tafuta alama za zamani zisizopungua nne zinazolizunguka eneo lako, zipime kwa utaratibu uleule, kisha kokotoa vigezo vyako vya kugeuzia koodineti, vya eneo hilo tu. Alama ya tano iache nje ya hesabu na uitumie kuvijaribu vigezo hivyo. Ukiona alama moja imepotoka peke yake, huenda ilihamishwa na greda la barabara, kwa hiyo itoe na uandike kwa nini umeitoa.

Jihadhari pia na namba za mifumo kwenye QGIS, programu ya ramani. 21037 ni Arc 1960 na 32737 ni WGS84, zote kanda ya 37 kusini. Koodineti zake zinafanana kwa macho, ila karibu na Ikweta zinapishana kama mita 300 upande wa kaskazini-kusini na 90 hivi mashariki-magharibi.

Hatua ya 8: Kimo

GNSS hukupa kimo juu ya elipsoidi (umbo laini la hesabu la dunia), si juu ya bahari. Kituo cha Malindi kina kimo cha elipsoidi cha kadiri ya mita 20 chini ya sifuri, na hakijazama majini. Tumia jioidi (modeli ya usawa wa bahari ulioendelezwa hadi chini ya nchi kavu) ya EGM2008 kupata makadirio, kisha ujifunge na alama ya kimo ya taifa. Kama mradi ni wa maji, usitegemee jioidi pekee, piga leveli.

Hatua ya 9: Toa data

Wapima wengi huishia hatua ya 8, na ndiyo sababu bara letu lina mapengo. Mfumo wa pamoja hauna kiwanda kinakotengenezwa. Ni data ambazo nchi moja imekubali nyingine izione. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 69/266 mwezi Februari 2015 kuzitaka nchi zishirikiane na kushirikishana data za kijiodesia, na Afrika Kusini ilianzisha kituo cha kukusanyia data za vituo vya AFREF mwaka 2010. Hata hivyo, bado kuna vituo vinavyorekodi mchana na usiku na data yake haitoki nje ya chumba kilimowekwa risiva. Wengine husema ni usalama wa taifa. Hoja hiyo siikubali, kwa sababu mahali kilipo kituo panaonekana na kila mtu kwenye picha za setilaiti, na data ya sekunde 30 haimfichulii yeyote siri. Anayeumia ni mpima wa nchi jirani aliyekosa kituo cha kumzungushia upande mmoja, na mpima wa nchi yenyewe atakapohitaji kituo cha jirani.

Basi peleka kwenye ofisi ya taifa faili ghafi, RINEX, karatasi za shambani zenye vimo vya antena, ripoti zote nne za uchakataji, picha za alama kutoka pande nne na mchoro wa kuifikia. Andika kwenye barua kwamba unaruhusu data hiyo itolewe kwa majirani na kwa AFREF. Omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala moja ibaki kwako, na nyingine umwachie mwalimu mkuu wa shule ilipo alama.