Kabla ya kumnunulia mtoto vipande vya sumaku vya kuchezea na kujengea

Shika kipande kimoja ukikague kwenye mwanga. Sumaku ziwe zimefungiwa kabisa ndani ya plastiki na kingo zimeunganishwa kwa joto. Vyenye ribiti (pini fupi za kubana) za chuma kwenye pembe huwa imara zaidi. Vilivyobandikwa kwa gundi tu huachia vikianguka sakafuni mara kadhaa, na hapo sumaku hutoka. Hiyo ndiyo hatari yenyewe: mtoto akimeza sumaku mbili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuubana mpaka unatoboka. Akimeza, au hata ukishuku tu, mpeleke hospitali saa hiyohiyo apigwe eksirei. Usimtapishe, wala usingoje azitoe chooni. Vile vigololi vidogo vya sumaku usiviingize kabisa kwenye nyumba yenye watoto.

Kwa mtoto wa miaka 3, vipande 30 hadi 40 vinatosha kuanzia. Vingi viwe vya mraba, lakini pembetatu zisipungue nne, maana bila hizo paa halikamiliki.

Kila wiki pitisha ukucha kwenye maungio. Chenye ufa kitupe, usikirudishie kwa gundi.