Praima ya rangi gani chini ya rangi mpya ya pikipiki?

Mwenye bodaboda anapopeleka tangi likapigwe rangi, huwa ameshaamua rangi ya juu: nyekundu, bluu au nyeusi. Ya chini, yaani praima, rangi ya msingi inayotangulia, anamwachia fundi, na fundi mara nyingi anapuliza kopo lililofunguliwa siku hiyo. Matokeo yake ni nyekundu iliyofifia na kuelekea kahawia, au njano inayokula mikono sita, yaani tabaka sita za kupuliza, na bado inaonyesha vivuli.

Usichague praima kwa jina la rangi ya juu. Angalia kama rangi hiyo ni nyepesi au imekolea. Njia rahisi ya kupima ni hii: paka rangi ya juu kwenye kipande cha kadi mpaka ifunike kabisa, ukiweke kando ya vipande vitatu vyenye praima nyeupe, kijivu cha kati na kijivu kilichokolea. Vipige picha kwa simu vikiwa kivulini, kisha igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Praima ambayo kwenye picha hiyo haitofautiani sana na rangi yako ndiyo itakayokuokolea rangi. Watu wengi hushangaa hapa, kwa sababu nyekundu iliyoiva, ambayo kwa macho inawaka, kwenye picha hutokea kijivu cha kati au hata cheusi kidogo. Ndiyo maana hufunika haraka juu ya kijivu kuliko juu ya nyeupe.

Njano na chungwa ndizo sumbufu kuliko zote, kwa kuwa uwezo wake wa kufunika ni mdogo. Zinataka nyeupe. Ukipuliza njano juu ya kijivu kilichokolea, mikono ya kwanza itaelekea kijani, na utaongeza rangi mpaka itiririke. Nyeusi, bluu ya usiku na kijani cha chupa zikae juu ya kijivu kilichokolea au praima nyeusi. Fedha inapendeza juu ya kijivu cha kati, kwani pale ilipopita nyembamba hapatatoa doa. Nyeupe waweza kuipuliza juu ya praima nyeupe, ila ukiwa kivulini hutaona ulipopita na usipopita, kwa hiyo kijivu chepesi kinakusaidia zaidi. Rangi za lulu na zile za pipi zinazopenyeza mwanga ni habari nyingine: zinategemea rangi ya kati, nyeupe kwa lulu nyingi, fedha au dhahabu kwa pipi. Praima inabaki kuwa msingi tu.

Kwa pikipiki ya kazi kuna hesabu ya pili, nayo ni mawe. Kwenye barabara za udongo mwekundu, changarawe hupiga madigadi ya mbele, miguu ya fremu na sehemu ya chini ya tangi kila siku. Rangi ikibanduka, kinachoonekana ni praima. Nyeusi juu ya praima nyeupe itajaa vidoa vyeupe kabla ya miezi mingi, lakini juu ya kijivu kilichokolea mikwaruzo hiyohiyo haionekani ukiwa hatua mbili mbali. Ubavu wa tangi ambapo magoti ya dereva husugua hufuata kanuni hiyo. Ukijikuta katikati ya praima mbili na pikipiki ni ya kubeba abiria, chukua ile inayokaribia rangi ya juu kuliko ile nyepesi.

Kosa lingine linafanyika bila mtu kuligundua. Tangi limepigwa praima ya kijivu, kava za pembeni ni plastiki nyeusi iliyosuguliwa tu, madigadi yamebaki na rangi ya zamani. Kopo moja la nyekundu, mikono ileile, halafu nyekundu tatu tofauti kwenye pikipiki moja. Vipande vyote vipate msingi wa rangi moja, hata kile kisichohitaji kusawazishwa.

Aina kwanza, rangi baadaye

Praima ya rangi sahihi haitasaidia kama haikushika. Chuma kilicho wazi kinataka praima ya epoksi, ambayo huzuia unyevu. Juu yake ndiyo inakuja praima ya kujaza, ile ya kuchanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), ili kuficha mistari ya msasa na kingo za puti, ile ya kuzibia mabonde. Usipulize epoksi juu ya praima ya asidi, ile inayouma chuma ili ishike, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji inaruhusu. Rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayouzwa kwa ajili ya mageti ni rahisi na ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, lakini haifai kwenye tangi: tina (kiyeyushi) ya rangi ya magari huiinua ikakunjamana, na petroli ikimwagika karibu na kifuniko huilainisha.

Kwa plastiki, tazama herufi zilizochapwa upande wa ndani, zinazotaja aina yake. Kipande cha ABS hushika baada ya kusuguliwa vizuri. Kipande cha PP kinahitaji kwanza dawa yake ya kushikisha, vinginevyo rangi itabanduka kama ganda la ndizi. Herufi zikiwa zimefutika, tupa kigamba kidogo cha plastiki hiyo ndani ya maji: PP huelea, ABS huzama.

Rangi nyekundu ya zamani nayo ni ya kushuku. Baadhi yake huyeyuka kidogo zikiguswa na tina na kupanda juu, na nyeupe yako ikageuka waridi siku chache baadaye. Zifungie chini ya epoksi.

Kuchanganya na kupuliza

Kama dukani kuna nyeupe na nyeusi tu, nunua zote za aina na kampuni moja utengeneze kijivu chako. Nyeusi ina nguvu sana. Anza na sehemu 1 ya nyeusi kwa 20 za nyeupe, koroga, kisha ongeza kidogo kidogo. Fanya hivyo kabla ya hadina, na uchanganye kijivu cha pikipiki nzima kwa mara moja, kwa sababu ni vigumu kukipata tena kilekile. Kwa tangi, kava mbili na madigadi mawili, nusu lita mpaka robo tatu ya praima iliyo tayari kupulizwa hutosha mikono miwili. Kipimo cha hadina na tina ni kile kilichoandikwa kwenye kopo. Hadina ikipungua, praima inabaki laini na kuvimba chini ya rangi ya juu.

Osha vipande kwa sabuni, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta. Mafuta ya taa na petroli huacha utando, na huo ndio huleta vijitundu vya mviringo. Petroli yote itolewe ndani ya tangi, nalo lipate hewa muda mrefu kabla ya kazi, na usitumie mashine inayotoa cheche, kwani mvuke uliobaki ndani hulipuka. Sugua chuma kwa msasa namba 180, puliza mkono wa kwanza mwembamba, ngoja kama dakika 15, kisha wa pili. Hadina nyingi zina sumu inayodhuru mapafu, na kitambaa puani hakizuii kitu. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke.

Praima ikikauka, malizia kwa msasa wa maji namba 600, au 800 kama rangi ya juu ni ya metali, yenye chembe zinazong'aa kama fedha. Kwenye kingo za tangi ni rahisi kutoboa mpaka chuma. Usiruke sehemu hizo: zipulizie tena praima ileile, la sivyo utapata pete iliyofifia chini ya njano na kutu baadaye. Praima ya kujaza hufyonza maji, kwa hiyo baada ya kuisugua kwa maji iache ikauke vizuri. Katika misimu ya mvua usipulize asubuhi na mapema wala jioni, maana unyevu uliofungiwa ndani hutoka kama malengelenge.

Wakati wa rangi ya juu, chora mistari minene ya nyeusi na nyeupe kwenye kadi, ibandike kando ya tangi, uipulize pamoja nalo. Mistari ikipotea, rangi imefunika. Ikiwa mikono minne imepita na bado unaiona, rangi hiyo haifuniki vizuri, na praima ya chini ndiyo itakayoamua inavyoonekana.

Praima iliyobaki bila hadina ifunge vizuri uihifadhi kwa viraka. Ile iliyokwisha kuchanganywa na hadina haina siku ya pili.