Mazoezi ya mwezi mmoja ya unyenyekevu na kumtegemea Mungu kama mtoto

Katika Mathayo 18 wanafunzi wanauliza nani mkubwa, Yesu anamsimamisha mtoto katikati yao. Mtoto enzi hizo hakuwa na cheo wala sauti barazani. Aliishi kwa kupewa. Hicho ndicho tunachofanyia mazoezi hapa, wala si upole wa sura.

Wiki ya kwanza shika Zaburi ya 131 peke yake. Ina aya 3 tu. Isome taratibu asubuhi kabla hujagusa simu, na usiku kabla ya kulala, kisha kaa kimya dakika 5. Angalia aya ya 2: mtoto anayetajwa ameshaachishwa ziwa. Anayenyonya humng'ang'ania mama kwa sababu ya maziwa; huyu hayalilii tena, ametulia tu kwa kuwa yuko na mama yake. Mawazo yatakukimbilia ada na madeni. Usigombane nayo, rudi kwenye aya.

Wiki ya pili chukua daftari. Kila siku andika ombi 1, sentensi 1, na usimpangie Mungu njia. Badala ya "mguse mjomba anilipie", andika "Baba, ada ya mtoto haijatimia". Halafu nenda shuleni ukaombe kulipa kwa awamu. Wengi huharibu hapa: wanadhani kutegemea ni kukunja mikono, na wapo wanaoacha dawa za presha au sukari wakisema ni imani. Paulo alishalimaliza hilo katika 1 Wakorintho 14:20: tuwe wachanga katika uovu, lakini katika akili tuwe watu wazima. Omba, na dawa umeze.

Wiki ya tatu ni kazi ya siri, na msibani huku Moshi ndiko pazuri pa kuifanyia. Acha viti vya mbele (Luka 14:7-11), zunguka nyuma ya nyumba kwenye masufuria. Chagua lile la pilau lililoshika chini. Liloweke kwa maji ya moto, kwangua ukoko, kisha sugua masizi ya nje kwa majivu na stili waya. Suuza, lifudikize, ondoka. Mwanaume ataambiwa, "Baba, nenda kakae". Ashukuru, aendelee kusugua. Usipige picha, usimtajie mwenyekiti wa jumuiya. Jioni ukijikuta unatafuta upenyo wa kulisema, zoezi limegusa penyewe: tafuta jingine la siri kesho yake. Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa wa Lisieux, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, aliifuata njia hii ya mambo madogo, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II akamtangaza Mwalimu wa Kanisa, cheo ambacho Kanisa Katoliki huwapa watakatifu ambao mafundisho yao ni ya kufuatwa. Walutheri nao hawatapungukiwa wakijifunza kwake.

Wiki ya nne ni nzito kuliko zote: omba radhi kwa mtu aliye chini yako, mwanao au dada wa kazi. Taja kosa lenyewe. "Jana nilikufokea mbele za wageni. Nilikosea, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Ukiongeza "lakini na wewe…" umeshafuta yote. Asipojibu siku hiyo, usimdai jibu.

Jihadhari na kujidharau. Anayesema "mimi si kitu" ili abishiwe bado anajitazama mwenyewe. Ukisifiwa, sema asante, endelea na shughuli yako.

Kuna pia mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada, hasa Desemba watu wakishapanda kutoka Dar, mkungu mmoja wa ndizi unapogeuka mashindano ya mifuko. Panga kiasi chako ukiwa nyumbani, ukiandike. Bei ikipita hapo, mwachie anayeendelea, na kile ulichopanga kitie kwenye kapu la sadaka bila kutangaza.