Ngeli: vitu kwanza, jedwali baadaye

Ukimfundisha mgeni Kiswahili, usianze na jedwali la ngeli. Weka mezani kisu, kikombe na kijiko, mwambie atunge sentensi yenye upatanisho mara tatu: "Kikombe hiki kikubwa kimevunjika." Kisha wingi: "Vikombe hivi vikubwa vimevunjika." Ngeli moja kwa kipindi inatosha kabisa. Jedwali lije baadaye, kupanga anachokijua tayari.

Nadharia inafaa zaidi kwenye makosa. Akisema "kiboko kikubwa kimelala", hajazembea: ameshika kanuni na kuipanua hadi kwa wanyama. Rudia, "Ndiyo, kiboko mkubwa amelala," ukikazia m- na a-, la sivyo hatasikia tofauti. Halafu mpe kifaru na kipepeo atunge mwenyewe.