Kurekodi kumbukumbu za mashabiki wa Maurice Odumbe: namna ya kutenganisha sifa na lawama

Shabiki wa kriketi wa Mtwara au Lindi aliyeifuatilia Kenya miaka ya 1990, ukimtajia Maurice Odumbe, aliyekuwa mchezaji na nahodha wa timu hiyo, hukupa Odumbe wawili kwa mkupuo mmoja: yule aliyewaangusha West Indies na yule aliyefungiwa kucheza mwaka 2004. Ukirekodi hivyo hivyo, unarudi nyumbani na saa nzima ya sauti isiyofaa kitu, maana la pili limeshalipaka rangi la kwanza. Mtu aliyerukaruka kwa furaha mwaka 1996 leo atakueleza kana kwamba alikuwa na mashaka tangu siku ile. Kazi ya mrekodi ni kuipata furaha kama ilivyokuwa na uchungu kama ulivyokuwa, kila kimoja na tarehe yake.

Karatasi ya tarehe

Usiende kwa mzee mikono mitupu. Tengeneza karatasi moja, upande mmoja tu, yenye mechi ambazo lazima zitajwe. Hii ndiyo ya Odumbe.

Tarehe 29 Februari 1996, Pune, India, Kombe la Dunia. Kenya wote walitolewa kwa mikimbio 166 (mikimbio ndiyo pointi za kriketi), West Indies wakaishia 93. Odumbe alikuwa nahodha, akarusha ova 10 (kila ova ni mipira sita) na kuchukua wiketi 3, yaani kuwatoa wapigaji watatu, kwa kuruhusu mikimbio 15 tu, akawa mchezaji bora wa mechi.

Mwishoni mwa Mei 1998, Gwalior. Kenya iliishinda India kwa mikimbio 69, na Odumbe alipiga 83.

Tarehe 24 Februari 2003, Nairobi, Kombe la Dunia tena. Kenya iliishinda Sri Lanka. Nyota wa siku hiyo hakuwa Odumbe bali Collins Obuya, wiketi 5 kwa mikimbio 24.

Tarehe 1 Machi 2003, Johannesburg, dhidi ya Bangladesh: Odumbe alipiga 52 bila kutolewa, kisha akachukua wiketi 4 kwa mikimbio 38. Ukitaka kumweleza kijana thamani ya mchezaji anayepiga na kurusha kwa kiwango kile kile, mpe mechi hii moja, inatosha. (Wengine humwita mchezaji wa namna hiyo kiraka. Si sahihi. Kiraka wa mpira wa miguu huziba pengo popote lilipo. Huyu ana kazi mbili kamili na anadaiwa zote mbili.)

Tarehe 20 Machi 2003, Durban, nusu fainali: India 270, Kenya 179.

Agosti 2004: alifungiwa miaka mitano. Uamuzi ulihusu mawasiliano yasiyofaa na watu wa kamari na kupokea fedha, yeye alikana. Adhabu ilipoisha mwaka 2009 alirudi uwanjani akiwa na miaka 40, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa kocha wa timu ya taifa ya Kenya.

Karatasi hii haionyeshwi mzungumzaji mwanzoni. Ikunje, iweke mfukoni. Mzee akishaiona atakusomea karatasi yako badala ya kukupa kichwa chake.

Kalenda ya Kusini

Watu hawakumbuki mechi kwa mwaka. Wanaikumbuka kwa jambo lililokuwa likiendelea nyumbani, kwa hiyo pembeni ya kila mechi andika vigingi vya hapa kwetu. Mechi ya Pune ilichezwa kama wiki moja baada ya Idi el-Fitri, na miezi mitatu kabla MV Bukoba haijazama. Ya Gwalior ilikuja mwisho wa msimu wa mvua za El Niño. Kombe la 2003 lilianza siku chache kabla ya Idi el-Hajj, mwaka ambao daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa, lakini miezi kadhaa kabla halijafunguliwa. Habari ya kufungiwa ilifika Agosti, mikorosho ikiwa imechanua, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa 2005.

Daraja lina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kabla yake, basi la Dar es Salaam lilitegemea kivuko na barabara ambayo masika yaliifunga, na gazeti lilifika huku limechoka. Mtu akikwambia alisoma ushindi wa Pune gazetini asubuhi iliyofuata akiwa Lindi, usimbishie. Muulize gazeti lilikuja na nini, na nani alilileta. Ama atakumbuka mtu aliyelileta kwa ndege, ama ataanza kusita mwenyewe. Vivyo hivyo kwa anayesema aliitazama Pune kwenye Televisheni ya Taifa: mwaka 1996 haikuwepo. Huenda alitazama dishi la mwenye duka, huenda alisikia redioni akaona picha miaka baadaye. Yote mawili ni kumbukumbu halali, ila ni kumbukumbu tofauti, na kwenye maandishi zipewe majina tofauti: aliona, alisikia, alisimuliwa.

Nani, lini, wapi

Anza na wenye maduka ya zamani ya mjini, wastaafu wa benki, bandari na ualimu, na waliowahi kufanya kazi Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Usiamini maneno kwamba kriketi ni ya Wahindi tu. Unawakosa mafundi, madereva na vijana wa duka waliokuwa wakisikiliza redio ile ile nyuma ya kaunta. Na usimlazimishe mtu kuchagua upande. Aliyeishangilia Kenya kwenye kundi anaweza kuwa aliishangilia India nusu fainali, na hilo ndilo hasa unalolitafuta.

Epuka Oktoba hadi Desemba. Minada ya korosho ikishaanza, hata mstaafu ana shamba, ana AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ana malipo anayoyasubiri. Atakupa dakika 10 macho yakiwa kwenye simu. Januari hadi Aprili watu wapo, lakini mvua ikipiga bati hakuna kinachosikika. Juni hadi Agosti ndiyo nzuri.

Saa nzuri ni saa tatu hadi saa tano asubuhi. Baada ya hapo joto linapanda, mtu anataka feni, na feni ndiyo adui wa kwanza wa sauti. Ukichelewa unaingia adhuhuri, adhana inakatiza, na mzee akirudi kutoka msikitini uzi umeshakatika.

Kijiweni nenda kusalimia na kutafuta majina, usiende kurekodi. Muuza kahawa akigonga vikombe vyake, mlio unaingia juu ya kila neno na hakuna programu ya kuuondoa. Zaidi ya hapo, kijiweni kuna mzee mmoja anayesema na wanane wanaoitikia. Utapata kumbukumbu moja yenye sauti tisa. Chukua majina, kisha mfuate kila mmoja kwake.

Shangani na Mikindani, pwani ya Mtwara, upepo wa bahari hauna huruma, kwa hiyo kaeni ndani, chumba chenye mapazia, mkeka au kochi la kitambaa. Sebule yenye vigae na kuta tupu inatoa mwangwi. Kama ndiyo pekee iliyopo, omba kanga mbili utandike sakafuni na mezani.

Simu na faili

Simu ya kawaida inatosha. Izime mtandao kwa kuiweka kwenye hali ya ndege, la sivyo simu ikiingia rekodi inaweza kukatika. Iweke sentimita 25 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya taulo lililokunjwa mara nne, kipaza sauti kikimwelekea mzungumzaji. Ukiiweka kwenye mbao tupu, kila akigonga meza kusisitiza (na akifika Pune atagonga) utasikia bomu. Mfuko wa soksi nyepesi juu ya kipaza sauti hupunguza pumzi.

Kwenye mipangilio ya kurekodi chagua WAV (faili la sauti lisilobanwa), mono (mkondo mmoja wa sauti), 44.1 kHz, saa moja ni kama MB 320. Jaribu sekunde 30, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uanze. Kosa linaloumiza kuliko yote ni kurekodi dakika 70 za sauti ya jokofu. Sikiliza chumba kabla: jokofu, saa ya ukutani, jogoo wa jirani.

Faili lipewe jina siku hiyo hiyo: tarehe, mahali, namba ya mzungumzaji. Kwa mfano 2025-07-12_Ligula_04. Jina la mtu liandikwe daftarini tu, karibu na namba yake. Nakala mbili usiku huo huo, moja kwenye kadi, nyingine kwenye kompyuta. Kadi ihifadhiwe kwenye kichupa chenye kifuniko. Chumvi ya pwani inakula viunganishi vyake.

Mpangilio wa maswali

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kupona. Salamu kwanza, na salamu ya huku haina haraka: shikamoo, habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu. Eleza kwa ufupi unachotaka, sauti itawekwa wapi, nani atasikia, na kwamba anaweza kusema "hapa zima". Pata ridhaa yake kwa sauti, ikiwa imerekodiwa, kisha saini au dole gumba kwenye karatasi.

Swali la kwanza lisimtaje Odumbe kabisa. "Mzee, kriketi uliisikia kwanza wapi?" Linafungua redio, duka, mtaa, watu waliokuwepo. Kaa hapo dakika 10 hata kama unaona hakuna cha maana. Hapo ndipo anapojijengea chumba ambacho baadaye ataingiza mechi.

La pili ni mechi moja, si mchezaji: "Siku Kenya inawafunga West Indies ulikuwa wapi?" Usitaje Pune, mwaka wala nani alirusha. Akimtaja Odumbe mwenyewe, andika dakika aliyomtaja. Kumtaja bila kuulizwa kuna uzito kuliko kusema ndiyo.

La tatu, mchezo wenyewe: alikuwa akirushaje, akisimamaje na gongo, akiwaongozaje wenzake. Anayemjua kweli atazungumzia mpira wa polepole unaozunguka. Anayekumbuka kasi na fimbo za wiketi zinazoruka amemchanganya na mwingine. Usimsahihishe, weka alama.

Kufungiwa kunakuja mwisho, na swali lake linaanza na habari, si na hukumu: "Habari za mwaka 2004 zilikufikiaje?" Nani alimwambia, alisema nini, yeye alijibu nini. Kisha nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Wageni wa kazi hii hukimbilia swali lingine baada ya sekunde tatu, wakati mzee alikuwa ndiyo kwanza anafika. Usiulize kamwe "Ulijisikia kusalitiwa?" Umeshampa neno, na atalirudisha kwako kwa adabu tu. Uliza "Siku ile ulifanya nini?" Mtu aliyeiondoa picha ukutani atakwambia aliiondoa, aliyeiacha atakwambia kwa nini.

Akihamia Kimakonde au Kimwera, mwache. Hasira na utani hutoka katika lugha ya nyumbani. Tafsiri itasubiri.

Makosa yatakayojitokeza

"Odumbe alimtoa Lara." Utalisikia mara nyingi. Brian Lara alitolewa na Rajab Ali, mpira ukidakwa na Tariq Iqbal, mlinda wiketi (anayesimama nyuma ya mpigaji). Shujaa mkubwa huvuta kwake matendo ya wenzake, na ndiyo sababu kosa hili lisifutwe. Liandike kama lilivyosemwa, na chini yake, kwa mwandiko wako, weka ukweli wa kadi ya matokeo.

"Odumbe nahodha wa 2003." Nahodha alikuwa Steve Tikolo. Hapa mtu ameunganisha makombe mawili kuwa moja. Rudi kwenye vigingi vya kalenda: hiyo ilikuwa kabla ya MV Bukoba au mwaka wa daraja? Mara nyingi anajirekebisha bila kuaibika.

"Mimi nilijua tangu zamani." Ndiyo kauli ngumu kuliko zote, kwa sababu anayeisema anaiamini. Usibishane naye. Muulize alimwambia nani wakati ule, na kama mtu huyo yupo, kamtafute. Asipokumbuka kumwambia mtu yeyote, iandike kauli hiyo kama maoni ya leo, si kumbukumbu ya 1996. Weka tarehe ya mahojiano karibu nayo.

"Aliuza mechi ile." Ipi? Kama hana mechi, ni uvumi. Kwenye maandishi ya wazi andika kilichoamuliwa, yaani kufungiwa miaka mitano na sababu zake, pamoja na kwamba alikana. Tuhuma ya ziada dhidi ya mtu aliye hai haichapishwi hata ikisemwa na wazee kumi, kwa kuwa anayeichapisha naye anawajibika kisheria.

Kuandika

Saa moja ya sauti inakula saa tano hadi sita za kunakili. Andika kila neno, pamoja na kusita na kucheka, na dakika kila aya. Kisha gawa maandishi katika safu tatu: iliyosemwa kuhusu wakati ule, iliyosemwa kwa macho ya leo, na isiyojulikana ni ya wapi. Safu ya tatu ikiwa ndefu kuliko mbili za kwanza, maswali yako yalikuwa mabaya. Rudi ukaulize upya baada ya wiki mbili, si kesho yake, maana kesho yake atakurudishia maneno ya jana.

Usizilinganishe safu kwa nguvu. Kuna watakaotoka na sifa tupu, na kuna wa lawama tupu. Wengi watakuwa na vyote viwili visivyopatana, mara nyingine katika sentensi moja, na sentensi hiyo usiinyooshe.

Ukimaliza, rudi na maandishi hayo. Msomee mzee maneno yake kwa sauti, polepole, ukiwa na kalamu. Akisema "hilo toa," litoe mbele yake, kisha kalifute na kwenye sauti jioni hiyo hiyo, katika nakala zote mbili.